Kiti cha Kushoto

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako mgongo umemrudia tangu Jumamosi aliposhusha gia boksi peke yake, eti kijana wa gereji amechelewa. Kijana hakuchelewa. Baba yako ndiye hakutaka kusubiri.

Uliponipigia wiki iliyopita ukaniuliza, "Mama, hivi zile mbio za magari ulikuwa unazipenda kweli, au ulikuwa unampenda baba tu?" nilikujibu tutaongea, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa pale pale kibarazani anachambua dengu, na masikio yake unayajua. Najua pia kilichokufanya uulize. Mchumba wako amenunua lile gari, na ameshaanza kukugusia habari ya kukaa kiti cha kushoto, kile cha kumsomea dereva njia. Nimeona nichukue kalamu, maana hili si jambo la kulisema huku vocha inakatika.

Mwanzoni sikuzipenda. Nilimpenda yeye, tena tangu kabla ya ile Corolla. Aliileta nyumbani mwaka 1997, sisi tuna miaka mitatu ya ndoa na wewe bado unanyonya. Ilikuwa Corolla ya mwaka 1984, ile ya pembe pembe, injini ya cc 1,300, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ubavu mmoja ulikuwa na rangi ya maziwa na ubavu wa pili haukuwa na rangi kabisa. Wakati huo nyumba ya Buhongwa, hapa Mwanza, imefika kwenye lenta na hela ya bati ilikuwa tayari. Nilipouliza bati ziko wapi, nikasimuliwa habari za Joginder Singh, dereva wa Kenya, jinsi yeye na ndugu yake Jaswant walivyoshinda mbio za Safari Rally za mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Volvo hiyo nimeisikia katika ndoa hii mara nyingi kuliko nilivyosikia habari za mwana mpotevu kanisani. Ikishindwa Volvo, inaletwa Peugeot 404 ya Bert Shankland, mtu aliyeishi hapa hapa Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na kurudia 1967. Babu yako ndiye aliyemwambukiza ugonjwa huu, maana alizifuatilia redioni, akamlea mwanawe kwa majina ya madereva kama wengine wanavyolea kwa majina ya mitume.

Bati tulizipata mwaka uliofuata. Mvua za katikati tulizipokea chini ya turubai. Hilo nalo liweke kwenye hesabu zako.

Wewe ulikua ndani ya maisha hayo kwa hiyo hukuyaona yakiwa na mpangilio, lakini yalikuwa nao. Majirani walihesabu mwaka kwa pamba na mpunga, sisi tulihesabu kwa gari. Masika, Machi mpaka Mei, Corolla ilikaa juu ya mawe uani, tumbo wazi. Baba yako akirudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea Igogo, anaoga, anakula, anaingia chini. Vile vyuma vya kulinda kichwa ndani ya gari alivikunja na kuvichomelea mwenyewe, kati ya geti la mtu na dirisha la mtu. Jumapili baada ya ibada wanakuja marafiki: fundi wa Mabatini asiyeongea, mzee wa duka la spea asiyenyamaza, na yule bwana wa lori la dagaa na mkewe, ambaye sangara wake wa kukaanga ulikuwa unamlilia. Ilipofika Juni, vumbi limerudi na shule zimefungwa, tunaanza kusafiri. Mara nyingi ni mashindano madogo ya wapenzi wa magari huku kwetu kanda ya ziwa, na mara chache, hela ikiruhusu, Arusha au Iringa. Vuli ikianza Oktoba tunapata moja mbili za mwisho, halafu gari linarudi juu ya mawe.

Na mbwa wetu, Jeki. Sijui kama unakumbuka kwa nini aliitwa Jeki. Alikuja akiwa kitoto, akachagua kulala chini ya gari, mahali pale pale jeki inapokaa. Tatizo likaja baba yako anapolala chali huko chini na kupaza sauti, "Leta jeki!" Mbwa anakuja mbio, anamlamba uso, na jeki yenyewe haijaletwa na mtu. Tulipokwenda mashindano alipanda lori la dagaa pamoja na matairi na spea, akirudi ananuka kiasi kwamba paka walimfuata. Mtaani walisema, mbwa wa mwalimu anapanda gari wakati watoto wa watu wanatembea kwa miguu. Walikuwa na haki ya kusema. Nami nilikuwa na haki ya kuwajibu kwamba mbwa wangu amechanjwa kichaa na wa kwao hawajachanjwa.

Sasa kiti. Baba yako alikuwa na msoma ramani, rafiki yake wa ujana, lakini jamaa alihamia Geita kufuata dhahabu, siku tisa kabla ya mashindano. Ndipo nikaombwa "nishike tu daftari". Mara ya kwanza nilitapika. Kusoma maandishi ndani ya gari linalorushwa kama mchele kwenye ungo ni kitu ambacho tumbo halijaumbiwa, na hakuna aliyenionya. Mara ya pili nikatafuna tangawizi, nikatapika kidogo. Mara ya tatu ndipo nikaanza kuona kilichoandikwa, na mwanangu, nilikasirika. Mwandiko wa yule rafiki ulikuwa wa kuku, nusu Kiingereza nusu michoro, wino umelowa jasho. Ualimu ukanipanda kichwani. Nikanunua daftari la mistari mikubwa, nikaandika upya kwa penseli, Kiswahili kitupu. Kona ya moja ni ile ya kukunja kabisa, sita ni ya kupita bila kuuliza. "Kulia tatu, inabana, usikate, jiwe ndani." Siku moja kabla ya mashindano tunapita njia polepole mara mbili, yeye anataja anachokiona, mimi naandika, na mara ya pili nasahihisha.

Halafu nikaongeza kitu ambacho daftari la mwenzangu yeyote pale halikuwa nacho. Babu yako mzaa mama alikuwa mkulima wa Misungwi, na mtoto wa mkulima wa Kisukuma anajua udongo kwa jina kabla hajajua herufi. Juu kwenye majabali kuna luseni, mchanga mchanga, tairi linaelea. Ukishuka unakutana na ibambasi, ngumu kama sakafu, ikinyunyiziwa mvua kidogo inateleza kama sahani ya mlenda. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuvunja shokapu, ukilowa unakuwa gundi. Ukiona mawe kilimani unajua luseni iko chini yake, na unajua mbuga inakungojea huko bondeni hata kama bado hujaiona. Nikawa naandika udongo pembeni ya kona: "Kushoto nne, luseni, ndefu." Baba yako alicheka. Alicheka msimu mmoja tu.

Maana mwaka 2003, mwezi Novemba, tulikuwa tunaongoza. Si kwamba tulizoea kuongoza, mara nyingi tulimaliza katikati. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha kidogo, barabara juu imekauka, jua linawaka. Nikasoma: "Mbuga, mita hamsini, gia ya pili." Akaingia na gia ya nne. Nikarudia kwa sauti ile ninayowaitia watoto wa darasa la sita. Corolla ilizama mpaka milangoni, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Tulisikia magari mengine yakipita juu yetu upande wa kulia, ambako nilikuwa nimeandika ndipo pa kupita. Tulitolewa na maksai wanne wa mzee mmoja aliyekuwa analima jirani. Hakutaka hela, alitaka mjukuu wake azungushwe na gari lenye namba ubavuni, na alizungushwa.

Kutoka pale mpaka Usagara hatukusemezana. Nyumbani nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, sikusema neno. Siku ya tatu akaja jikoni na lile daftari, akaliweka mezani karibu na unga, akasema, "Ndani ya gari, hili ndilo linalosema. Mimi nina mikono tu." Sikumjibu. Nilikuwa nasonga ugali. Lakini msimu uliofuata nikisema gia ya pili ilikuwa ya pili, hata pale ambapo kwa macho yake njia ilikuwa nyeupe. Fikiria mwanamume, jogoo mbele ya wenzake, gari ni lake, hela ni yake nusu, anashuka kilima kwa kasi hiyo huku anaamini penseli yangu kuliko macho yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mbio zenyewe, hapana. Mpaka leo sijui kwa nini mtu apende vumbi. Kiti kile, ndiyo. Nilikipenda, na ningekaa humo hata kama dereva angekuwa mtu mwingine, ingawa hilo sijawahi kumwambia.

Usidhani yote yalikuwa asali. Ada yako ya kidato cha kwanza ilichelewa wiki tatu kwa sababu ya seti ya matairi, na ulisimamishwa mbele ya wenzako. Baba yako aliniomba radhi mimi. Nilimwambia aliyesimamishwa si mimi. Kama hakuja kukuomba wewe, muulize. Tangu hapo hela ya gari ilikaa kwenye kopo lake na ya shule kwenye kopo langu, na kopo langu lilikuwa na kufuli.

Na paka je? Unamkumbuka yule wa kijivu? Alizaa watoto watano kwenye kiti changu cha mashindano, Juni, siku nne kabla ya kuondoka. Baba yako aliwahamishia kwenye boksi, mama mtu akawarudisha mmoja mmoja kwa meno. Akawahamisha tena. Wakarudi. Fundi wa Mabatini, ambaye nilikuambia haongei, akafungua boliti nne, akakitoa kiti kizima na familia yake, akakiweka stoo, akafunga kiti cha Starlet mbovu iliyokuwa gerejini kwake. Mashindano yale yote niliyasoma nimekaa upande kama abiria wa bodaboda. Tulimaliza wa sita. Ndiyo maana ile picha ukutani nimepinda shingo, na si maringo kama shangazi yako anavyosema.

Mchumba wako mwambie mambo machache kutoka kwangu. Asikimbize gari kwenye barabara ambayo haijafungwa, hata iwe tupu vipi, kwa sababu huku jioni ng'ombe wanarudi na mtoto anayewachunga yuko nyuma yao. Helmeti, mikanda, vyuma vya ndani na mtungi wa kuzimia moto vije kabla ya injini kubwa. Na asitegemee bima ya kawaida, hailipi ajali ya mashindano.

Mwaka 2022 shule zilipofungwa tulivuka mpaka pale Sirari kwenda Naivasha, Kenya, kutazama Safari Rally. Vumbi la Kedong, moja ya njia za mashindano yale, ni laini kama unga wa sembe, gari linapita halafu huoni kitu dakika nzima. Toyota walishika nafasi nne za juu, na baba yako alitembea siku ile kama mtu aliyechomelea yale magari kule Igogo. Watu wote walimtazama Kalle Rovanperä, kijana wa miaka 21. Mimi nilikuwa namtafuta Jonne Halttunen, msoma ramani wake. Nilimwona nukta chache tu, kichwa kimeinama kwenye daftari, njia wala haangalii. Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Mkija Juni, msipite na basi la usiku. Njooni na lile gari, mchana. Nitampa baba yako amri akae nyumbani. Wewe utachukua penseli, mchumba wako ataendesha polepole kutoka Kisesa kuingia ndani huko kwenye mashamba, utaandika unachokiona, halafu mtarudia njia ile ile huku unasoma. Mimi nitakaa nyuma na matobolwa yangu, viazi vitamu vyangu vya kukausha, sitasema kitu. Nataka kusikiliza tu utakaposema gia ya pili, atafanya nini.

Baba yako ameingia ameniuliza naandika nini. Nimemwambia nasahihisha madaftari. Akasema, "Ya nani? Si ulistaafu mwaka jana?" Amekwenda zake uani. Sasa namsikia yuko chini ya gari na mgongo wake ule ule, anaita, "Leta jeki!" na Jeki tulimzika chini ya mwembe miaka mingi iliyopita. Ngoja niende mimi.

Mama yako