Kwa nini MRI ya ubongo irudiwe kwa sindano ya dawa?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 61 na ni mgonjwa wa kisukari. Alipigwa picha ya MRI baada ya kuanza kuanguka kifafa ukubwani, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo. Sasa daktari ameagiza kipimo kirudiwe kwa sindano ya dawa. Je, picha ya kwanza haikutosha? Na figo zake zitastahimili? – Msomaji, Tanga

JIBU: Picha ya kwanza imethibitisha kwamba uvimbe upo, ila bila dawa ni vigumu kutofautisha uvimbe wenyewe na maji yaliyojaa kandokando yake, na daktari wa upasuaji anauhitaji mpaka huo. Dawa inayotumika ina madini ya gadolini, na ilianza kuidhinishwa mwaka 1988. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebana kiasi kwamba gadolini haipenyi. Pale uvimbe unapoziharibu, au unapojiotesha mishipa yake inayovuja, dawa hupita na eneo hilo likang'aa jeupe.

Kwa hiyo kinachong'aa ni mvujo, wala si lazima kiwe saratani. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, hung'aa sana ingawa mara nyingi si saratani, ilhali glioma (uvimbe unaotokana na seli zinazotegemeza neva za ubongo) nyingi zinazokua polepole hazing'ai kabisa. Glioblastoma, ambayo ni saratani kali, kwa kawaida huonekana kama pete yenye kingo nene. Lakini hata jipu la ubongo huweza kuonekana hivyo, ndiyo maana nawasihi ndugu wa wagonjwa wasijisomee picha wakiwa bado kwenye korido ya hospitali.

Kuhusu figo, hofu yako ina msingi. Mwaka 2006 dawa hizi zilihusishwa na maradhi ya kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi. Mama apimwe kwanza kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi. Kiwango cha uchujaji wa figo kinachokokotolewa kutokana nayo kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, daktari atapima faida na hatari, na akiamua kuendelea atachagua dawa ambayo gadolini yake imefungwa imara zaidi ndani ya molekuli. Mwaka 2017 Ulaya ilisitisha matumizi ya nyingi kati ya zile zisizofungwa hivyo. Dawa hii haina iodini kama ile ya CT-Scan, na kwa kawaida metformini, dawa ya kisukari, haisimamishwi kwa ajili yake.

Siku ya kipimo atawekewa kanula (mrija mwembamba wa kupitishia dawa kwenye mshipa) mkononi na kupigwa picha kwanza bila dawa. Kisha atachomwa kiasi kinacholingana na uzito wake, pengine ahisi ubaridi ukipanda mkononi, na picha zitarudiwa ili zilinganishwe. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hii aseme mapema. Nendeni na picha za awali, si ripoti peke yake. Akifanyiwa upasuaji, picha nyingine yenye dawa hupigwa vyema ndani ya saa 72, kabla kovu la upasuaji halijaanza nalo kung'aa na kudhaniwa kuwa mabaki ya uvimbe.