Mgonjwa wa saratani ya mapafu akiwa anapaliwa na kukohoa, haya ndo niliyojifunza

Nyie mlioanza juzi kuuguza mtu wa saratani ya mapafu nyumbani, mi nimemuuguza baba mwaka na zaidi na kilichonichanganya ni kikohozi, nilidhani ni kimoja kumbe viwili. Kuna kile kikavu cha usiku, alafu kuna cha kupaliwa, kinakuja akinywa au akila, na hiki ndo mkichunge sana.

Baba sauti ilianza kukauka tukasema mafua, kumbe uvimbe wa pafu la kushoto ulishabana mshipa wa fahamu unaopeleka nguvu kwenye koo, kwahiyo koo halifungi vizuri na maji yanaingia njia ya hewa. Maji ndo yanapalia kuliko chakula kwa sababu yanakimbia, uji mzito na mtori vilipita vizuri kuliko chai. Nesi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) alitufundisha akae wima kabisa, ainamishe kidevu kifuani ndo ameze, kijiko kidogo, mdomo ukiwa mtupu ndo kingine. Asiongeleshwe akila (wageni jamani, waambieni wasubiri), na akimaliza abaki amekaa nusu saa. Kinywa kisafishwe asubuhi na usiku hata kama hajala, mate machafu yakishuka mapafuni ni nimonia. Homa ikipanda baada ya kupaliwa usingoje, hospitali.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu mwacheni akohoe, msimpe maji. Akiwa hatoi sauti wala hawezi kukohoa, muinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, ikigoma simama nyuma yake umkumbatie, ubane tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara 5, unarudia, mwingine anaita msaada.

Kile cha usiku daktari aliandika mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) dozi ndogo, ndugu wakagoma wiki mbili eti ni dawa ya kufia, na baba wiki mbili hizo hakulala, hilo linaniuma mpaka leo. Tulipompa, ilituliza kikohozi na pumzi pia. Inafunga choo, ombeni dawa ya kulainisha siku hiyohiyo.

Damu hata kidogo kwenye makohozi mwambie daktari. Ikija nyingi ni dharura, mlaze ubavu wa pafu bovu, upande huo uwe chini, mkiita msaada, na taulo la rangi nzito liwe karibu siku zote, maana damu kwenye shuka jeupe ilimtisha baba kuliko kukohoa kwenyewe.