Maswali ya meno: mwacheni mtoto na ufizi wake

*Docta, mtoto wangu ana miezi mitano, anaharisha, ana homa. Mama mkwe ameona kitu cheupe ndani ya ufizi, anasema ni jino baya, litolewe. (Mama, Ndosho)*

Swali hili naletewa kila mwezi. Jibu ni lile lile: hapana. Hicho cheupe ni chonge yake, bado laini, ndiyo maana ikichimbuliwa watu wanadhani ni funza. Ilianza kujengwa akiwa tumboni mwako, na ingetoka yenyewe akikaribia mwaka na nusu. Meno haya Waganda wanayaita ebinyo, Watanzania meno ya plastiki, na kifaa cha kuyachimbua hakibadiliki: spoki ya baiskeli au kisu. Mtoto anavuja damu, anaambukizwa pepopunda, na chonge ya ukubwani, ambayo umri huo ndipo inaanza kuwa ngumu, inaharibika pamoja. Juzi nilimketisha kijana wa miaka 12. Chini kushoto hana chonge kabisa. Kulia kimeota kijino kama punje ya mchele. Nilipomuuliza mama yake, alitazama sakafu.

Mtoto wa miezi mitano anatia kila kitu mdomoni, kwa hiyo anaharisha. Kampime malaria leo, mpe maji ya pakiti ya chumvi na sukari (ORS), umnyonyeshe. Mama mkwe mwambie kwa heshima: docta amekataa.

*Mjukuu wangu amezaliwa na jino. Ni kigego, mtoto wa mkosi? (Koko, Birere)*

Ni jino, Koko. Mara nyingi ni lile la utoto, limewahi tu. Likicheza, mlete kabla halijaingia njia ya hewa. Likiwa imara, liacheni.

*Watoto wangu wana madoa ya kahawia kwenye meno. Dawa gani ya meno itayatoa? Maji tunachemsha. (Baba, Mugunga)*

Hakuna. Doa hilo halikupakwa juu. Lilijengwa ndani ya gamba la jino kabla jino halijatoka. Ni floridi, aina ya madini. Miamba ya volkano inaitoa kwenye maji, na moshi wa volkano ya Nyiragongo unashuka na mvua hadi kwenye tangi lako. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haifi, maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kama una bidoni moja ya maji yenye floridi kidogo, iwe ya wadogo wasiofika miaka 8. Wewe meno yako yalishamaliza kujengwa.

*Na mkaa?*

Unakwangua gamba. Choma nao mahindi.

*Nina mimba ya miezi sita, farmasi wamenipa tetrasaiklini.*

Usimeze, rudi uombe nyingine. Inaingia kwenye meno ya mtoto na kuyatia rangi ya manjano isiyotoka kwa mswaki. Na muache kununua vidonge kama karanga.

*Mke wangu akiwa na mimba alimcheka mtu, mtoto kazaliwa na mdomo wa sungura. (Baba, Majengo)*

Mdomo wa juu huungana mimba ikiwa na wiki kama saba. Wakati huo wengi hawajui hata kama wana mimba. Muombe mkeo msamaha, kisha mpelekeni mtoto hospitali: mdomo hushonwa kuanzia miezi mitatu hivi. Kwa sasa mlisheni akiwa ameinuliwa kichwa.