Mbwa jike afungwe kizazi lini?

Kumfunga kizazi ni kumtoa ovari kwa upasuaji, na kuhusu umri kliniki nyingi zina jibu moja: miezi sita. Kwa mbwa wa kienyeji, au jike yeyote ambaye akikua hatafika kilo 20, jibu hilo linatosha. Mpeleke akiwa na miezi mitano hadi sita, kabla joto la kwanza, yaani kipindi cha kutaka dume, halijaanza. Shida huanza pale jibu hilohilo anapopewa mtu mwenye German Shepherd au Boerboel.

Mifupa ya mbwa mkubwa huchukua mwaka na zaidi kukomaa, na homoni za ovari ndizo zinazoiambia iache kurefuka. Zikiondolewa mapema, miguu hurefuka kuliko ilivyopaswa, na magoti na nyonga ndiyo hulipia baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochapisha mwaka 2020 matokeo ya kufunga kizazi kwa aina 35 za mbwa, ushauri wao kwa German Shepherd ulikuwa kusubiri hadi apite miaka miwili. Kwa aina ndogo hawakuona ongezeko kubwa la matatizo ya viungo. Jike mkubwa akifungwa mapema mno, kuna pia hatari ya kuvujisha mkojo akiwa amelala.

Lakini kusubiri kuna gharama yake. Kila joto linalopita huongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti, na jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, mara nyingi wiki nne hadi nane baada ya joto. Akianza kunywa maji kupita kawaida na kususia chakula kipindi hicho, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama hatoi uchafu wowote ukeni. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, usaha hubaki ndani, na hali hiyo ndiyo hatari zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza umri, kagua geti lako. Kama huwezi kumfungia jike ndani kwa wiki tatu za joto bila dume kupenya, mfunge kizazi mapema, awe mkubwa au mdogo. Mimba kwa jike wa miezi minane ni balaa kuliko goti la baadaye, na madume wanaozurura huambukiza uvimbe wa sehemu za siri, ambao matibabu yake ni sindano za kutibu saratani za kila wiki.

Ukiamua kusubiri, jifunze kulitambua joto. Kuanzia akiwa na miezi mitano, kila asubuhi mpanguse ukeni kwa tishu nyeupe. Uke utavimba, kisha utaona matone mekundu. Baada ya siku tisa hivi damu hupauka na kuwa kama maji ya nyama, na hapa ndipo wengi huponzwa: wanadhani joto limekwisha, wanafungua mlango. Kumbe ndio kwanza yuko tayari kupandwa. Mguse juu ya mkia. Akiupinda pembeni, usimwachie.

Akiwa kwenye joto asipasuliwe, isipokuwa kwa dharura. Mishipa ya kizazi imejaa damu na inavuja kirahisi. Subiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha. Ukiharakisha, homoni hushuka ghafla na anaweza kuanza kutoa maziwa na kukumbatia viatu kana kwamba ni watoto wake.

Na tafadhali, sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu si njia mbadala. Nayo inaweza kuleta usaha wa kizazi. Wala hakuna faida ya kiafya ya "kumwacha azae mara moja kwanza".

Kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailikazii: kupe. Homa za kupe hupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akizibeba. Omba kipimo cha damu kabla ya upasuaji. Chembe sahani zikiwa chini, atibiwe kwanza, tarehe isogezwe. Chanjo nazo ziwe zimekamilika, kwa sababu chumba cha kusubiria ni mahali rahisi pa kuokota parvo, virusi vinavyoleta kuhara kukali.

Mbwa wa miezi mitano asilazwe njaa kuanzia jioni hadi mchana, sukari yake hushuka. Mpe chakula cha usiku, muulize daktari saa ya mwisho, na maji mwachie hadi asubuhi. Muulize pia kama anatoa ovari zote mbili. Kipande kikibaki, joto litarudi.

Akirudi nyumbani, tazama fizi. Zikiwa nyeupe, au tumbo likijaa, mrudishe usiku huohuo. Kola ya plastiki ikae shingoni hadi nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14, bila kuoga wala kukimbia. Asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala panadol za nyumbani. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wa mifugo.

Kidonda kikishapona, punguza chakula kwa karibu robo, maana mwili wake sasa unatumia kidogo. Papasa mbavu kila mwezi. Usipozihisi chini ya vidole, punguza tena.