Usiache Kufundisha, Mdogo Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga tarumbeta katika hoteli za hapa Nairobi aliniandikia kwamba anafikiria kuacha kufundisha, kwa kuwa wenzake humwambia kuwa mwalimu wa muziki ni mpigaji aliyeshindwa. Nimeona nimjibu hadharani, maana hata mimi niliambiwa maneno hayo, na hadi leo yananiuma.

Mdogo wangu, usiache. Nililelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu, ambako aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa, kwa hiyo kupiga na kufundisha kwangu vilikuwa kazi moja. Dharau nilikutana nayo nilipoingia katika jazi. Kiongozi wa bendi moja aliniondoa kwenye onyesho mbele ya wenzangu, akisema hataki mwalimu wa watoto jukwaani. Bendi hiyo ilikwisha kuvunjika. Mimi bado napiga, na baadhi ya watoto hao leo husimama kando yangu jukwaani na kulipwa sawa nami.

Mtazame Clark Terry, mpiga tarumbeta wa jazi aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1920, katika ufukara uliomfanya ajitengenezee tarumbeta ya kwanza kwa mpira wa kumwagilia bustani, faneli na kipande cha bomba. Alipiga katika bendi kubwa za jazi, ya Count Basie, kisha ya Duke Ellington, halafu akawa mwanamuziki mweusi wa kwanza kuajiriwa katika bendi ya televisheni ya NBC. Nani angemlaumu kama angekataa wanafunzi? Hata hivyo, akiwa Seattle na bendi ya Basie, alikubali kumfundisha Quincy Jones, mtayarishaji mashuhuri wa muziki wa baadaye, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa shule, asubuhi na mapema kabla ya masomo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ametoka kazini usiku wa manane. Uzeeni, kisukari kilipokwisha kumpofusha, aliendelea kupokea wanafunzi nyumbani kwake, na alifariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 94. Hapa kwetu Nairobi, mtaani Korogocho, Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki ulioanza mwaka 2008, huwapa wanafunzi waliokomaa kazi ya kuwafundisha wadogo.

Kufundisha kutakunyoosha. Tarumbeta ina vali tatu tu za kubonyeza, ambazo hubadili urefu wa bomba lake kwa namna saba. Mengine yote hutafutwa kwa midomo na pumzi. Mpigaji mzoefu hufanya hivyo bila kufikiri, mpaka mtoto amuulize kwa nini do na so hupigwa pasipo kubonyeza vali yoyote. Mtoto mmoja wa Kariobangi aliponiuliza hivyo, nilimpa karatasi nikamwambia aishikilie ukutani kwa pumzi peke yake, bila kuigusa, ili ajue nguvu inatoka wapi. Zoezi hilo nikalichukua mwenyewe kila asubuhi, na noti zangu za juu, zilizokuwa nyembamba na zenye kukwaruza, zikapata mwili.

Tena, Januari hoteli zinaponyamaza, ada za wanafunzi ndizo hulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi iache iwe yao, hata kama Ijumaa ulilala saa tisa usiku. Wakikukuta umechoka, usiwakalishe kwenye nadharia. Anza nao noti ndefu za chini, kwa sauti ndogo, kwa sababu midomo yako nayo inazihitaji baada ya kazi ya usiku.