Jina la bahati na bei ya hisa

SWALI: Naagiza mizigo kutoka Guangzhou. Mbia wangu Mchina hununua hisa kwa kuangalia bahati ya jina la kampuni na namba inayotambulisha hisa zake sokoni. Anasema huo ni uwekezaji wa muda mrefu, maana akishanunua hauzi. Ananishawishi niingie naye. Ana hoja?
Msomaji, Guangzhou

JIBU: Ndugu yangu, hoja anayo, ila si ya uwekezaji. Usiangalie hisa itakaa kwako miaka mingapi, angalia nani atakulipa. Mwekezaji hulipwa na kampuni: iuze, ipate faida, itoe gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa. Anayebahatisha hulipwa na mnunuzi anayemfuata, akitokea.

Majina husogeza bei kweli. Wisesoft ya Chengdu hutengeneza mifumo ya kuongozea ndege. Kwa Kichina inaitwa Chuanda Zhisheng, na "Chuanda" ni kifupi tu cha Chuo Kikuu cha Sichuan. Masikioni, hata hivyo, jina lote husikika kama "Trump kashinda kwa kishindo". Aliposhinda Novemba 2016, hisa zikaruka, na waliozigombania hawakuhitaji hata kujua kampuni inauza nini.

Namba nazo zimechunguzwa. Hirshleifer, Jian na Zhang, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliangalia kampuni zilizoingia sokoni China zikiwa na namba za bahati, kama zenye 8. Zilianza kwa bei ya juu kuliko wenzao, lakini ndani ya miaka mitatu nyongeza hiyo ikayeyuka. Mbia wako asiyeuza ndiye hasa anayebaki nazo zikishuka.

Halafu bahati yenyewe hubadilika kulingana na anayehesabu. Watabiri wa majina huhesabu mistari ya kalamu katika herufi. Jina la ukoo Chen lina mistari 7 kwa maandishi ya leo na 11 kwa yale ya zamani. Wanaofuata kamusi ya Kangxi ya 1716 husema 16, kwa kuwa upande wa kushoto huhesabiwa kwa umbo lake la kale. Mhasibu akikuletea faida tatu za mwaka mmoja, utampa kazi tena?

Ukiamua kuingia, mwombe mbia taarifa za fedha za miaka mitano na rekodi ya gawio. Na ujue kwamba Shanghai na Shenzhen, hisa uliyonunua leo huruhusiwi kuiuza leo. Uvumi ukigeuka mchana, utalala nayo.