Ukianza kufuga mbwa Mtwara, mpe pua kazi

Wengi wanaoanza kufuga mbwa hapa Mtwara hununua mnyororo kabla ya bakuli. Nami nilianza hivyo. Mbwa wangu, Simba, alishinda amefungwa chini ya mwembe, usiku namfungua alinde, nikiamini kuzunguka uani kunamtosha. Baada ya miezi michache alikuwa amechimba mashimo kuzunguka shina lote, anabwekea hata jani likianguka, na miguu ya mbele ameilamba hadi manyoya yakanyonyoka. Nikamchapa nikidhani ni ukorofi, na hadi leo linaniuma. Kumbe alikuwa hana la kufanya kutwa nzima.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza, na urudie kila mwaka. Kisha angalia saa ya kutoka. Mbwa hatoki jasho kama sisi, hujipoza zaidi kwa kuhema ulimi nje, na kaskazi ikishika, joto letu la unyevunyevu humlemea haraka. Toka naye alfajiri au jua likishapoa. Gusa lami kwa mgongo wa kiganja, uhesabu hadi saba; ukishindwa kustahimili, nyayo zake zitaungua. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni humfaa mbwa mzima mwenye afya. Mtoto wa mbwa usimkimbize masafa marefu, mifupa yake bado inakua.

Sisi huenda ufukwe wa Shangani maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Beba maji ya kunywa, kwani akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Na kamba usiiachie watu wakiwepo. Mate ya mbwa yakigusa kanzu ya mtu anayekwenda msikitini, umemtia najisi naye anawahi swala. Mimi humkalisha Simba pembeni, natoa salamu, mtu apite kwanza.

Akisimama kunusa nguzo au kichaka, usimvute. Hapo ndipo akili yake inapofanya kazi, na humchosha vizuri.

Nyumbani nina mchezo wa vifuu. Jioni nachukua vifuu sita, chini ya viwili naweka dagaa wasio na chumvi, navitawanya uani. Simba anapita cha kwanza, anasita, anarudi. Pua inatetemeka. Anakisukuma kifuu kwa mguu hadi kibiringike, anakula, tayari yuko kwenye kingine. Robo saa tu, kisha anajilaza barazani na kupitiwa na usingizi.

Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vikali. Na msimu wa korosho, zile zenye maganda ziweke mbali naye, mafuta ya ganda huunguza mdomo.

Anza na vifuu viwili, umwache aone unapoweka dagaa. Akishazoea, vifukie nusu mchangani.